Chapa Nyuma ya Beji

Kiswahili hakina njaa ya maneno ya alama: nembo, chapa, muhuri, beji, nishani, tepe. Kasoro yetu ni kuyachanganya, na mchanganyo huo humpotosha anayekuta kwenye sanduku la marehemu babu kipande cha shaba chenye baragumu mbele na tarakimu nyuma. Kwa watu wa Itungi na Kyela, upande wa Ziwa Nyasa, jambo hilo si la mbali. Mwezi wa Mei 1916 majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali Northey yaliingia kutoka Nyasaland (Malawi ya leo) na kuichukua Neu-Langenburg, ndiyo Tukuyu ya leo, na miongoni mwao walikuwamo Keya. Jina hilo tulilitengeneza wenyewe kutokana na herufi tatu za King's African Rifles, kikosi kilichoundwa 1902.

Tuanze na kosa kubwa zaidi. Kipande hicho wengi hukiita nishani. Sicho. Nishani hutunukiwa mtu kwa alichofanya, na huning'inia kifuani. Beji hutolewa pamoja na sare na kukaa kwenye kofia, awe shujaa au mpishi. Tofauti hii ina uzito kwa msomaji wa namba. Kwenye ukingo wa nishani ya vita vya 1914–1918 serikali yenyewe iliweka namba na jina la askari. Kwenye beji, namba ikiwapo, kwa kawaida iligongewa kikosini kwa nyundo na vyuma vya tarakimu, ili mwenzako asije akajivika yako asubuhi ya gwaride.

Ndiyo maana siafiki wanaoiita namba hiyo "muhuri". Muhuri ni kauli ya mamlaka. Ukigongwa, ofisi imesema. Chapa ni kauli ya mwenye mali, kama ile ya ng'ombe. Tarakimu zilizopinda, moja juu na nyingine chini, ni chapa.

Na chapa hiyo inatueleza nini kuhusu mwaka? Hapa napendekeza tutenganishe "umri wa beji" na "umri wa namba". Namba huonyesha lini mtu aliandikishwa. Beji yaweza kuwa kongwe kuliko yeye, au kuwa ya pili baada ya kupoteza ya kwanza. Isitoshe, kabla ya 1920 kila rejimenti ya Uingereza ilihesabu watu wake yenyewe, hivyo namba moja ilibebwa na watu wengi kwa wakati mmoja. Mwaka huo jeshi liligawa mafungu ya namba kwa rejimenti zote. Tarakimu nane zinazoanza na 14 kwa kawaida ni za walioingia kuanzia 1942. Keya walikuwa na orodha zao, kwa hiyo anayepima namba ya Keya kwa jedwali la Uingereza anapima mchele kwa futi.

Umri wa beji hutafutwa upande wa mbele. Kwenye beji za zamani za Uingereza zenye taji, matao yaliyopanda na kuviringana ni ya taji la mfalme, la 1901 hadi 1952. Yaliyobonyea katikati ni ya taji la malkia aliyefuata. Beji ya plastiki ni ya Vita Kuu ya Pili, shaba ilipohitajika kwingine. Na beji ya batalioni ya 6 ya Keya, iliyokuwa ya Tanganyika, haiwezi kuwa ya baada ya 9 Desemba 1961, siku batalioni hiyo ilipogeuzwa kuwa Tanganyika Rifles. Hiyo nayo ilivunjwa 1964 baada ya askari wake kuasi Januari, na Septemba Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) likaanzishwa.

Mwenye beji ya namna hii nyumbani, tafadhali usiisugue kwa Brasso wala majivu, tarakimu hulika. Nakili kwanza namba yote, pamoja na herufi zake kama zipo, kisha muulize mzee aliyebaki kwenye ukoo mwenye beji alikuwa batalioni gani.