Asali iliyoganda

Asali iliyoganda ni asali ambayo sehemu ya sukari yake imejitenga na kuwa chengachenga. Maji katika asali kwa kawaida hayafiki asilimia 20, kiasi kisichotosha kuyeyusha sukari yote iliyomo. Glukosi ndiyo inayoganda. Fruktosi hubaki majimaji. Kasi ya kuganda huwa kubwa karibu na nyuzijoto 14, hivyo chupa iliyokaa vizuri Dar es Salaam inaweza kuganda Njombe wakati wa kipupwe. Wanunuzi wengi hudhani asali hiyo imechanganywa na sukari ya dukani. Si kweli, na dhana hiyo huwaonea warina asali waaminifu.

Kuirudisha katika hali yake hakuhitaji moto mkali. Chupa ya kioo, kifuniko kikiwa kimelegezwa, huwekwa ndani ya sufuria iliyokwisha kuepuliwa, yenye maji ya nyuzijoto 40 hadi 45, yaani joto ambalo mkono hulivumilia. Maji yafike usawa wa asali na yabadilishwe yakipoa. Asali ikorogwe mara kwa mara kwa kijiko kikavu, kwani unyevu ukizidi asali huchacha. Chupa kubwa huchukua saa kadhaa. Kuichemsha jikoni ni kuiharibu: harufu ya maua hupotea, vimeng'enya huharibika na rangi huiva. Chenga zikiachwa chini ya chupa, asali huganda tena upesi, kwa kuwa glukosi hujishikiza juu yake.