Aliyemaliza Mara 19

Wasifu wa marehemu baba yangu mdogo niliuandika mimi, usiku, kwenye karatasi ya daftari, huku wanawake wakiimba nje na kuni zikiendelea kupasuliwa. Sentensi sita. Alizaliwa, akasoma, akaajiriwa kuwa bwana shamba, akaoa, akastaafu, akaugua. Kesho yake nikausoma mbele ya watu pale Mbinga, nikakunja karatasi, nikaketi. Mzee mmoja aliyekaa nyuma yangu akaninong'oneza: "Na pikipiki je?"

Sikuwa na jibu. Makala hii ni ya kulipa deni hilo, ila siwezi kusimulia habari za baba mdogo bila kuanza na mtu mwingine, Kalasinga wa Kericho, kwa sababu ndiye aliyempima nafsi yake kwake maisha yote.

Joginder Singh alizaliwa Kericho mwaka 1932, kwenye nchi ya chai, milima na mvua. Alikuwa fundi kabla hajawa dereva wa mashindano. Wakati huo mbio kubwa za magari za Afrika Mashariki zilikuwa changa. Zilianza mwaka 1953 kwa kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, zikapita Kenya, Uganda na Tanganyika, na baadaye zikawa zikifanyika wakati wa Pasaka. Kila mtu anayejua barabara zetu za udongo anajua Pasaka maana yake nini: mvua. Gari linaingia kwenye tope linatoka halina taa, au halitoki kabisa.

Mwaka 1965 Joginder na mdogo wake Jaswant waliingia na Volvo PV544, gari lililokwisha tumika, tena lenye umbo la zamani hata kwa miaka ile. Wakashinda. Alikuwa dereva wa kwanza asiye Mzungu kushinda mbio zile.

Baba mdogo alikuwa kijana wa shule wakati huo. Alinisimulia kwamba habari ilifika kwa redio ya mwalimu, na baada ya misa ya Pasaka watu wakagawanyika chini ya mti. Mmoja alisema, "Mhindi kashinda, sisi inatuhusu nini?" Mwingine akajibu kwamba mtu aliyezaliwa Kericho, akala vumbi la Kericho, ni wa huku. Ubishi haukuisha. Mhindi waliyemjua wao alikuwa wa dukani, anayekaa nyuma ya kaunta. Huyu wa kwenye tope alikuwa mgeni kwao. Baba mdogo alisema siku ile alichukua upande, na hakuuacha.

Joginder alishinda tena mwaka 1974, akiwa na David Doig kwenye Mitsubishi Lancer, gari dogo lisilotarajiwa, akimwacha Björn Waldegård na Porsche yake nafasi ya pili. Mwaka 1976 akashinda mara ya tatu, na Lancer nyingine mbili zikafuata nyuma yake. Sasa ukiniuliza nani bingwa wa idadi, nitakutajia Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, aliyeshinda mara 5: mwaka 1973, halafu mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Baba mdogo alilijua hilo vizuri. Lakini alikuwa na hesabu yake nyingine. Kati ya mwaka 1959 na 1980 Joginder aliingia kwenye mbio zile mara 22, na akamaliza mara 19.

"Mara 19, mwanangu," alikuwa akisema, akinyoosha vidole kama vile anavyo 19. "Kushinda kuna bahati. Kumaliza hakuna bahati."

Mwaka 1963 yalianza magari zaidi ya 80, yakamaliza 7. Mwaka 1968 ikawa hivyo hivyo, 7 tu. Joginder alikuwamo kwenye saba zote mbili, na mara zote mbili hakushinda. Hizo ndizo mbio alizozipenda baba mdogo kuliko zile tatu za ushindi.

Alianza kazi ya ubwana shamba miaka ya 1970, akapewa pikipiki ya ofisi. Mbinga ni nchi ya Wamatengo, milima iliyolimwa kwa ngoro, yale mashimo yanayopangwa kama sega la nyuki kwenye mteremko ili mvua isibebe udongo. Kahawa imekuwa ikilimwa hapo tangu enzi za Waingereza. Kahawa ikipata chulebuni, punje zinakauka zingali mtini, na mkulima asipopulizia dawa kwa wakati, ada za shule zimekwisha. Kwa hiyo bwana shamba alitakiwa afike, na mvua inapozidi ndipo ugonjwa unapozidi. Maana yake alitakiwa afike wakati ule ule ambapo njia haipitiki.

Vitu vyake navikumbuka: plagi ya akiba iliyofungwa kwenye kitambaa, kipande cha cheni, mpira wa kufungia mzigo, chupa ya mafuta machafu. Alijua kusafisha kabureta gizani. Kwenye tope zito alishuka, akaiacha injini ikinguruma, akatembea kando yake kama anayemvuta ng'ombe mkaidi.

Mara moja kwa wiki kadhaa aliteremka ziwani. Kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay ni kama kilomita 66, leo lami tupu, unateremka ukiangalia Ziwa Nyasa linavyofunguka chini kama karatasi ya bluu. Enzi zake ilikuwa udongo mwekundu na kona zinazojirudia. Aliteremka gia ya pili, akiiacha injini imzuie, breki ya nyuma akiigusa kidogo kidogo. Jioni alirudi na mbasa amefungwa nyuma, na sisi watoto tulikuwa tukiisikia pikipiki kabla hatujaiona, tukajua leo kuna samaki.

Nikiwa sekondari nilimletea gazeti la zamani la Kiingereza lenye picha ya Ivan Mauger wa New Zealand. Huyu alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za pikipiki za uwanjani mara 6, kuanzia 1968 hadi 1979. Mchezo wenyewe waendeshaji wanne wanazunguka uwanja wa duara mara nne, wakikata kona kwa kuliteleza gurudumu la nyuma. Nikamweleza kwamba pikipiki zile zina gia moja na hazina breki kabisa. Akaniangalia muda mrefu.

"Hazina breki?"

"Hazina, baba."

"Basi huyo hajateremka Mbamba Bay."

Tukacheka mpaka mama mdogo akatoka jikoni. Lakini ile picha aliibandika ukutani. Baadaye aliniambia kilichomshangaza kwa Mauger: kati ya ubingwa wa kwanza na wa mwisho ilipita miaka 11. "Huyo naye ni wa kumaliza," akasema.

Miaka ya 1990 ushirika wa kahawa ulipoyumba, wakulima wengine waling'oa mibuni. Mafuta ya pikipiki yakawa ya kuombea. Akawa ananunua kwa fedha yake, na hilo lilimgombanisha na mama mdogo kweli kweli, maana nyumbani nako kulikuwa na ada. Sitaki kulificha ili aonekane shujaa. Mama mdogo alikuwa na haki. Siku moja alimwambia mbele yetu, "Hiyo kahawa ya watu ikipona, sisi tunakula nini?" Baba mdogo hakujibu, na kesho yake asubuhi tukaisikia pikipiki ikiwaka.

Alistaafu wakati vijana wa bodaboda wanaanza kujaa Mbinga na pikipiki za Kichina. Wengine waliteremka ziwani kwa fujo, gia huru, mafuta yasiungue. Alisimama kando ya njia akiwapigia kelele: "Unafikiri wewe ni Joginder? Joginder alimaliza!" Hawakumjua Joginder. Walimjua yeye tu, mzee mwenye kelele.

Joginder Singh alifariki London mwaka 2013. Nilimsomea baba mdogo habari hiyo kwenye simu. Akauliza kwa nini London na si Kericho. Nikamwambia watoto, uzee, mambo ya maisha, nikibuni tu. Akanyamaza, halafu akasema kwamba siku ile ya Pasaka chini ya mti hawakumaliza ule ubishi.

Yule mzee aliyeninong'oneza msibani nilimfuata baada ya maziko, nikamuuliza angependa ningesema nini. Akafikiri. Akasema mwaka mmoja wa mvua kubwa daraja liliondoka, wakajua mwaka huo dawa haitafika. Baba mdogo alifika siku ya tatu kwa miguu, akiisukuma pikipiki iliyokufa, boksi la dawa bado limefungwa nyuma.

"Ungesema alifika," akaniambia. "Ingetosha."