Maumivu ya Mtoto Aliyevunjika Mfupa

Neno "kuganga" kwa Kiswahili ni kuunga kilichovunjika, na ni kuponya pia. Lugha yayahesabu hayo kuwa kazi moja. Lakini mtoto akiisha kufungwa gango hospitalini hurudishwa kwao, na usiku wa kwanza humkuta huko. Apewe dawa gani?

Kwa muda mrefu matabibu wengi wa Ulaya na Marekani walijibu: kodeini, dawa ya jamii ya afyuni, aliyoitenga Robiquet wa Ufaransa mwaka 1832. Waliidhani pole, yenye kuwafaa watoto. Twaona walikosea hapo, maana nguvu ya kodeini hutoka katika ini, liigeuzalo kuwa mofini, na maini ya watu si sawa. Mtoto mmoja hapati nafuu. Mwingine, ambaye ini lake hugeuza upesi, hupata mofini kupita kiasi, hata pumzi ikakatika. Mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani liliacha kuishauri kwa watoto.

Na mofini yenyewe? Katika mji wa London, Kanada, watoto 134 waliovunjika mifupa isiyohitaji upasuaji walilinganishwa, wengine wakinywa mofini, wengine ibuprofeni. Habari zilitolewa mwaka 2014: maumivu yalipungua sawasawa, ila wa mofini walisumbuliwa zaidi na usingizi na kichefuchefu.

Basi ibuprofeni hutangulia, ikipimwa kwa uzito wa mtoto. Lakini maumivu yakizidi ingawa amekunywa dawa, au vidole vikifa ganzi, gango huenda linabana. Arudishwe hospitalini usiku ule ule.