Kinga ya ndani ya kompyuta: Je, yatosha?

Tangu Windows 8 ilipotolewa mwaka wa 2012, kompyuta zenye mfumo huo wa Microsoft huja na programu ya kupambana na virusi, Defender, isiyolipiwa. Kwa mwenye duka la kupiga chapa na kutoa nakala sokoni Migwani, Kaunti ya Kitui, kinga hiyo yatosha, mradi isasishwe. Hapo ndipo penye tatizo: kompyuta isiyounganishwa na intaneti kwa miezi hubaki na orodha kuukuu ya virusi, ilhali flashi za wateja huchomekwa kutwa. Programu ya kununuliwa nayo huhitaji masasisho vivyo hivyo.

Wenye Windows 10 wana shaka kubwa zaidi. Microsoft ilikoma kuihudumia Oktoba 14, 2025. Ingawa Defender itasasishwa humo hadi Oktoba 2028, nyufa mpya za mfumo wenyewe hazizibwi, ila kwa waliojiandikisha kupata huduma ya ziada.