KUTOKA UKUMBI WA GULU MPAKA LANGO LA KAMBI



Chama cha siasa kisicho na mabishano ndani yake ama kimekufa, ama kinaongozwa kwa hofu. Palipo na watu wengi wenye nia ya kujenga nchi, hapana budi wawepo wanaotaka mwendo wa haraka na wanaotaka mwendo wa pole. Wa kwanza huitwa wapenda mageuzi. Wa pili huitwa watu wa siasa ya wastani. Kutofautiana kwao si dhambi. Dhambi huanza pale upande mmoja unapoona hoja zake hazitoshi, ukaacha kuhesabu kura za wanachama na kuanza kuhesabu bunduki. Historia ya chama cha Uganda People's Congress, yaani UPC, katika nchi jirani ya Uganda, ni ushahidi wa jambo hilo. Na kwa wanajeshi na askari polisi ni ushahidi unaowahusu kwa karibu, kwa kuwa watu wa kazi yao ndio walioitwa kuamua ugomvi ambao hawakuuanzisha.

UPC kilizaliwa Machi 1960, ilipoungana sehemu ya Uganda National Congress iliyoongozwa na Milton Obote na chama cha Uganda People's Union. Tangu siku ya kwanza kilikuwa mkusanyiko wa watu wa kila namna: walimu, wanasheria, machifu, wafanyabiashara, viongozi wa wafanyakazi na vijana wa mijini. Walichokubaliana ni kwamba Mwingereza aondoke, na kwamba ufalme wa Buganda usizimeze sehemu nyingine za nchi. Katika uchaguzi wa Aprili 1962, UPC kilipata viti 37, Democratic Party viti 24, na Kabaka Yekka, chama cha wafuasi wa Kabaka, kilikuwa na viti 21. Ili kupata serikali, UPC kikashikana mikono na Kabaka Yekka. Uhuru ukaja tarehe 9 Oktoba 1962, Obote akiwa Waziri Mkuu. Mwaka uliofuata Kabaka Mutesa wa Pili akawa Rais wa nchi.

Hapo ndipo tofauti zilipoanza kuonekana. Wapenda mageuzi waliongozwa na John Kakonge kutoka Bunyoro, Katibu Mkuu wa kwanza wa chama. Walitaka chama kiwe juu ya serikali, wanachama wa matawini waamue njia na mawaziri waifuate. Walitaka uchumi utoke mikononi mwa kampuni za kigeni na uwafikie wananchi, na nguvu za wafalme na machifu zipunguzwe. Nguvu yao ilikuwa katika umoja wa vijana wa chama.

Watu wa siasa ya wastani waliongozwa na Grace Ibingira, mwanasheria kutoka Ankole aliyekuwa waziri. Kwao wao, nchi changa haiwezi kufukuza mitaji kabla haijawa na yake. Mali ya mtu ilindwe, falme ziheshimiwe kama ilivyoagwa katika katiba ya 1962, na urafiki na nchi za Magharibi usivunjwe kwa maneno makali ya majukwaani. Kati ya pande hizo alikaa Obote mwenyewe, kama mshika mizani anayeongeza uzito mara huku, mara kule, mradi mkono wake usitoke katika mizani.

Mtu wa haki atakiri kwamba kila upande ulikuwa na hoja. Yalikuwa mambo ya kubishaniwa mchana kweupe, mkutanoni, mpaka kura ipigwe na aliyeshindwa akubali kusubiri zamu yake.

Lakini kabla ya kura hiyo kupigwa, jambo jingine lilitokea. Mnamo Januari 1964, majeshi ya nchi tatu za Afrika ya Mashariki yaliasi katika muda wa siku tano. Kambi ya Colito, Dar es Salaam, iliasi tarehe 20. Jinja, Uganda, tarehe 23. Na Lanet, Kenya, tarehe 24. Huko Jinja askari walimzuia Waziri Felix Onama aliyekwenda kuzungumza nao juu ya mishahara. Maasi yote matatu yalizimwa kwa msaada wa askari wa Kiingereza. Katika Tanganyika jeshi lililoasi lilivunjwa, na Septemba mwaka ule ule likaanzishwa jeshi jipya. Katika Uganda jeshi lilibaki lile lile, mishahara ikapandishwa sana, na maofisa Waafrika wakapandishwa vyeo haraka. Mmoja wao alikuwa Idi Amin, aliyepanda kutoka safu za chini za jeshi la mkoloni. Wanasiasa wakajifunza kwamba jeshi laweza kuridhishwa kwa fedha. Askari wakajifunza kwamba wanasiasa wanaogopa.

Miezi mitatu baadaye, Aprili 1964, UPC kilifanya mkutano mkuu mjini Gulu. Cheo cha Katibu Mkuu kiligombewa na Kakonge na Ibingira. Obote, aliyekwisha kuona kwamba Kakonge na vijana wake wanaweza kumpita, hakumtetea. Ibingira akashinda. Wafuasi wa Kakonge walilalamika kwamba vijana wao walizuiwa kuingia ukumbini, na baada ya mkutano wengi wa mrengo huo walisukumwa nje ya chama. Ushindi uliofuatwa na fagio la namna hiyo haukumaliza mabishano. Uliyahamisha tu kutoka ukumbini kwenda vichochoroni.

Mnamo Agosti 1964 urafiki wa UPC na Kabaka Yekka ulivunjika. Mnamo Novemba wananchi wa wilaya za Buyaga na Bugangaizi walipiga kura ya kurudi Bunyoro, na uchungu wa Buganda ukazidi. Wakati huo wabunge wengi wa vyama vya upinzani walikuwa wakihamia UPC, akiwemo Basil Bataringaya aliyekuwa kiongozi wa upinzani Bungeni. Kwa nje chama kilinenepa. Kwa ndani wengi wa wageni hao waliongeza nguvu ya upande wa Ibingira, na Obote akaanza kuona kwamba mtu aliyemwinua Gulu sasa anatazama kiti chake.

Ndipo suala la Kongo lilipoingia. Katika miaka ya 1964 na 1965 serikali ya Obote iliwasaidia wafuasi wa marehemu Lumumba waliokuwa wakipigana na serikali ya Tshombe, na mtu aliyepewa kazi hiyo alikuwa Idi Amin. Wapenda mageuzi waliiona kazi hiyo kuwa ni ukombozi. Watu wa wastani waliona ni hatari. Tarehe 4 Februari 1966, Obote akiwa ziarani kaskazini, mbunge Daudi Ochieng wa Kabaka Yekka alileta hoja Bungeni: Kanali Amin asimamishwe kazi na achunguzwe kuhusu dhahabu na pembe za ndovu kutoka Kongo. Mawaziri wa UPC wakaiunga mkono. Katika Bunge zima alisimama mtu mmoja tu kuipinga, naye alikuwa John Kakonge.

Hapa pana funzo zito. Kuuliza fedha za ofisa wa jeshi zimetoka wapi ni haki ya Bunge, tena ni wajibu wake. Lakini Kakonge naye aliona kwamba hoja ile ilibeba mzigo mwingine: kumwondoa Amin kulikuwa ni kumvua Obote silaha. Jeshi lilikuwa limekwisha kugawanywa vichwani mwa wanasiasa kabla halijagawanyika kambini. Upande mmoja ulimtegemea mkuu wa jeshi, Brigedia Shaban Opolot. Upande mwingine ulimtegemea msaidizi wake, Amin. Rais Mutesa mwenyewe alikiri baadaye kwamba aliwauliza wajumbe wa nchi za nje juu ya msaada wa kijeshi.

Tarehe 22 Februari 1966, katika mkutano wa Baraza la Mawaziri huko Entebbe, polisi waliingia na kuwakamata mawaziri watano: Grace Ibingira, Balaki Kirya, Emmanuel Lumu, George Magezi na Mathias Ngobi. Mabishano ya chama, yaliyopaswa kumalizwa kwa mkutano mkuu mwingine, yalimalizwa kwa pingu. Obote akatwaa madaraka yote na kuisimamisha katiba. Amin akakabidhiwa amri ya jeshi. Opolot akapewa cheo kisicho na askari, na kabla ya mwaka kwisha akafukuzwa na kuwekwa kizuizini. Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki ilipoona kwamba sheria iliyotumika kuwazuia mawaziri wale ilikiuka katiba, waliachiwa, kisha wakakamatwa tena kwa kanuni za hali ya hatari zilizokuwa Buganda. Askari polisi anayeyasikia hayo ajiulize sheria inabaki na heshima gani inapovaliwa na kuvuliwa kama koti.

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Tarehe 15 Aprili 1966 wabunge walipitisha katiba mpya wasiyoisoma, jengo la Bunge likiwa limezungukwa na askari. Waliambiwa nakala zao watazikuta katika masanduku yao ya barua. Tarehe 24 Mei jeshi lilishambulia ikulu ya Kabaka. Mutesa akakimbilia London, alikofariki mwaka 1969. Mwaka 1967 nchi ikawa jamhuri na falme zikafutwa, lakini uchaguzi mkuu haukufanyika. Mwananchi wa Uganda aliyepiga kura Aprili 1962 hakuitwa tena kuchagua Bunge mpaka Desemba 1980. Ni miaka 18.

Mtu angeweza kudhani kwamba, Ibingira akiwa kifungoni, wapenda mageuzi walikuwa wameshinda. Kwa maandishi, ndivyo. Mwaka 1969 Obote alitoa Azimio la Mtu wa Kawaida, na tarehe 1 Mei 1970, katika uwanja wa Nakivubo, alitangaza kwamba serikali itachukua asilimia 60 ya hisa za kampuni zaidi ya 80. Yalikuwa maneno ambayo vijana wa Kakonge waliyatamani tangu 1962. Lakini yalitamkwa katika chama ambacho mabishano yake yalikwisha kuzimwa, katika nchi yenye hali ya hatari Buganda na yenye vyama vya upinzani vilivyopigwa marufuku. Siasa ya mwananchi wa kawaida ilikosa mwananchi wa kuitetea. Nguzo iliyobaki ilikuwa jeshi, na jeshi lilikuwa na mwenyewe.

Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Tarehe 25 Januari 1971, Obote akiwa Singapore katika mkutano wa Jumuiya ya Madola, jeshi lilimpindua. Radio Uganda ilisoma sababu 18 za mapinduzi, na miongoni mwake ilikuwamo hii: kwamba uchaguzi ulikuwa haujafanyika kwa miaka 8. Msemaji alikuwa na haki ya kulalamika. Lakini Amin naye alitawala miaka 8 bila kufanya uchaguzi hata mmoja.

Sasa itazamwe hesabu ya mwisho ya watu waliobishana Gulu. Ibingira na wenzake walifunguliwa na Amin mwaka 1971. Ibingira akapewa ubalozi, na miaka michache baadaye akawa mkimbizi nje ya nchi. Kakonge, mtu pekee aliyesimama Bungeni kuipinga hoja ya kumsimamisha Amin, alitoweka mwaka 1972 chini ya utawala wa Amin huyo huyo. Bataringaya aliuawa mwaka ule ule. Obote alirudi madarakani Desemba 1980, baada ya Amin kuivamia Kagera mwaka 1978 na majeshi ya Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda kumfukuza Kampala tarehe 11 Aprili 1979. Tarehe 27 Julai 1985 jeshi lake mwenyewe likampindua mara ya pili. Alifia ugenini mwaka 2005.

Na hesabu ya watu wenye sare je? Opolot alionja kizuizi. Brigedia Pierino Okoya aliuawa pamoja na mkewe nyumbani kwake karibu na Gulu, Januari 1970. Baada ya mapinduzi, mamia ya askari wa Kiacholi na Kilangi waliuawa katika kambi zao wenyewe na askari wenzao waliokula nao sufuria moja. Erinayo Oryema, Mwafrika wa kwanza kuwa Inspekta Jenerali wa Polisi, alikubali kuwa waziri katika serikali ya Amin, na Februari 1977 akauawa na serikali hiyo. Walioitwa kuwa waamuzi waliishia kuwa kuni za moto ule ule.

Wapo wanaosema kwamba Uganda iliharibiwa na itikadi. Ushahidi hausemi hivyo. Swali la Kakonge, kwamba uchumi uwe wa nani, na swali la Ibingira, kwamba mali na katiba zilindwe vipi, ni maswali ambayo kila nchi huyajibu kwa zamu, leo hivi, kesho vile. Uganda iliharibiwa siku viongozi wa chama walipokata tamaa na wanachama wao, wakaona njia fupi ya kushinda ni kupitia lango la kambi. Wapenda mageuzi na watu wa wastani walipita lango lile lile, kila mmoja akidhani kwamba askari atakayemkuta ndani atakuwa wake.

Askari hana budi kukumbuka jambo hili kuliko mtu mwingine yeyote. Mwanasiasa anayekwenda kwake usiku kumweleza ubaya wa mwenzake wa chama hampi heshima, anamkopa. Na deni la namna hiyo katika Uganda lililipwa na watoto wa watu ambao hawakuwahi kufika Gulu, wala hawakujua ni nani aliyegombea Ukatibu Mkuu mwaka 1964.