Sarufi ya Nebrija na Wanafunzi wa Namna Mbili

Tarehe 18 Agosti 1492 ilikamilika mjini Salamanca kazi ya kuchapa sarufi ya kwanza ya Kikastilia, lugha ambayo leo huitwa Kihispania. Mtungaji wake alikuwa Antonio de Nebrija, mwanachuoni wa Kilatini.

Malkia Isabella alipoonyeshwa kazi hiyo aliuliza faida yake. Swali hilo halikuwa la kipuuzi, maana ni nani apaswaye kufunzwa lugha aliyoinyonya pamoja na maziwa ya mama? Askofu wa Ávila ndiye aliyejibu, na jibu lake lilikuwa la kitawala: mataifa ya lugha ngeni yatakayoshindwa yatalazimika kupokea sheria za mshindi na lugha yake, na kitabu kitawafunza.

Nebrija, hata hivyo, alitambua jambo lenye kina zaidi. Vitabu vinne vya mwanzo vya sarufi yake aliwaandikia hasa waliojifunza lugha hiyo tangu utoto, ili wapate kuitambua kanuni waliyokuwa wakiifuata bila kujua. Kitabu cha tano aliwaandikia wageni, na humo aliubadili utaratibu: alianza kwa herufi, akafuatisha mabadiliko ya majina, kisha mnyambuliko wa vitenzi, kama mwalimu afanyavyo.

Utafiti wa nyakati zetu umeipa nguvu tofauti hiyo. Mtoto wa Kihispania husema “sabo” badala ya “sé”, yaani “najua”, ingawa wakubwa wake hawasemi hivyo. Kosa hilo ni dalili ya akili: amekwisha kugundua kanuni, naye huitumia kupita mpaka wake. Hatimaye huliacha. Mtu mzima mgeni, kinyume chake, aweza kuikariri kanuni yote ya jinsia za majina, na bado baada ya miaka mingi akateleza kusema “la problema” badala ya “el problema”, kwa kuwa neno hilo, ingawa ni la kiume, huishia kwa sauti iliyo ya kawaida katika majina ya kike.

Nebrija alifariki mwaka 1522, na sarufi hiyo haikuchapwa tena katika uhai wake. Kwa hiyo Kihispania kilipoenea Amerika, hakikuenea kwa kitabu hicho. Upanga waweza kumlazimisha mtu aisikie lugha ya mshindi. Kuijua ni kazi ya sikio, ulimi na miaka.