Jumba la Royal la Unguja na Masomo Yake kwa Mombasa

Kila mwanachama apitaye Barabara ya Nkrumah huliona Kanisa Kuu la Kianglikana, lenye kuba ambalo mgeni hulidhania kuwa la msikiti. Lilijengwa kati ya 1903 na 1905. Aliyelichora ni John Houston Sinclair, Mwingereza aliyetumikia serikali huko Unguja na ambaye baadaye, tangu 1922, alikuwa Balozi Mkazi. Mkono huo huo ndio uliochora jumba la michezo na sinema la Royal katika mtaa wa Vuga, lililofunguliwa mwaka 1921.

Fedha zilitoka kwa Hassanali Adamjee Jariwalla, mfanyabiashara ambaye hapo kwanza alikuwa akionyesha picha katika banda lililoitwa na watu Sinema ya Bati. Kutoka bati hadi jumba la Royal si hatua ndogo. Mtu yule aliamini kuwa watu wa pwani watalipa ili kukaa mahali pa heshima, nao wakalipa kweli. Waliingia Waarabu, Wahindi, Wangazija na Waswahili, kila mtu kwa kiti alichokimudu. Mwenye senti chache alikaa mbele, shingo imeinuka, na mwenye kujiweza akakaa nyuma. Yalikuwapo pia maonyesho ya wanawake peke yao, hata mama wa buibui asiyetoka ovyo akapata ruhusa ya mumewe. Picha za Misri alizoimba Umm Kulthum, na za Bara Hindi, zilipendwa kuliko zile za Wazungu. Nyimbo za Raj Kapoor katika Awara (1951) ziliimbwa vichochoroni na watu wasiojua neno moja la Kihindi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 jumba lile liliteketea kwa moto. Na hapa ndipo pa kutazama sana. Majivu hayakukaa muda mrefu: mwaka 1955 palipo na Royal palisimama Majestic, jumba jipya la mtindo wa kisasa wa siku zile, lililochorwa na Dayalji Pitamber Sachania. Lilirudi upesi kwa kuwa lilikuwa na mwenyewe, na watazamaji walikuwa wakilingojea.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 majumba ya sinema ya Unguja yalichukuliwa na serikali. Mwaka 1973 ikaja televisheni, kisha video, na watu wakaketi majumbani mwao. Safari hii hapakuwa na moto wowote, walakini Majestic ikaharibika zaidi kuliko Royal ilivyoharibiwa na moto, kwa maana paa lilianguka na asitokee wa kulirudisha. Katika miaka ya karibuni wapenda majengo ya kale wa huko wamejitahidi kulifufua. Kazi hiyo ni nzito, kwani mvua za masika hazisubiri michango.

Mombasa nasi tulikuwa na Regal, Naaz na Majestic yetu, na wazee wetu wengi walichumbia kwa tiketi za huko, ijapokuwa hawatakiri mbele ya wajukuu. Wako wasemao majumba ya namna hii hayafai kuhangaikiwa kwa kuwa si misikiti wala makaburi ya masharifu. Mimi sikubaliani nao. Ngome ya Yesu ilikuwa gereza tangu 1895 hadi 1958, mahali pa kuchukiza kabisa. Ikatengenezwa kwa msaada wa Taasisi ya Gulbenkian ya Ureno, na mwaka 1960 ikafunguliwa kuwa makumbusho. Tangu hapo imepewa kazi, wageni hulipa kiingilio, na mafundi wa chokaa wana sababu ya kurudi kila mwaka. Majestic ya Unguja haikupungukiwa na uzuri. Ilipungukiwa na kazi hiyo.

Wanachama wenye picha za majumba yetu ya sinema, matangazo ya zamani, au vipande vya tiketi, wanaombwa wavilete ofisini kabla ya Mkutano Mkuu ujao. Vitanakiliwa na kurudishwa kwa wenyewe. Nao waliofanya kazi humo, wapiga picha ukutani, wakata tiketi na wauza njugu, waje wasimulie, nasi tutaandika.